Bango la sinema, printi ya namba au gunia la Ghana: mpenda muvi anunue lipi?

Kama wewe ni mtu wa muvi na umefika ile hatua ya kutaka kutundika ukutani kitu cha maana, siyo zile karatasi za kuprintiwa steshenari, basi lazima umeshakwama mahali. Unashika simu unaona bango la muvi unayoipenda linauzwa dola 25, unashuka chini kidogo lipo lingine la muvi hiyohiyo dola 600, na wauzaji wote wawili wameandika "nakala chache". Chache vipi sasa? Mimi hilo swali nimekaa nalo miaka kadhaa, nimenunua vizuri mara chache na nimepigwa mara chache, na kila mgeni akiingia sebuleni akaona ukuta ananiuliza yeye aanzie wapi, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja nipumzike.

Nalinganisha aina tatu. Ya kwanza ni bango lenyewe la sinema, lile lililochapwa na wenye muvi ili likakae nje ya jumba kuita watu, saizi yake ya Marekani wakusanyaji wanaiita oneshiti. Ya pili ni printi ya skrini, yaani msanii anachora upya muvi ya zamani au mpya, inachapwa idadi maalum, kila nakala ina namba yake. Ya tatu ni gunia la Ghana, bango lililochorwa kwa rangi ya mafuta na mkono wa fundi juu ya magunia ya unga.

Yapo na mabango ya Poland, na kiukweli ni mazuri kupita maelezo. Muvi za nje zilikuwa zikiingia kule wasanii wa kwao wanazichorea upya kabisa kwa akili zao, na Warsaw wana jumba la makumbusho la mabango tangu 1968. Ila kwa upande wa kununua yanafuata mambo mengi yaleyale ya oneshiti kwa hiyo sitayarudia.

Maswali yangu ni matano. Huo uchache unatoka wapi, utajuaje kwamba siyo feki, hela mpaka lifike ukutani ni kiasi gani, litaishije na joto na unyevu wa huku kwetu, na mwisho ukiwa umekaa kwenye kochi jioni linakupa nini. Swali la "litapanda bei?" sijaliweka makusudi. Anayetaka faida akanunue kiwanja.

UCHACHE UNATOKA WAPI

Hapa ndipo penye siri yote, nitakaa kidogo.

Oneshiti ni chache kwa ajali. Hakuna aliyepanga liwe adimu, lilichapwa litumike litupwe. Kule Marekani kuanzia 1940 kampuni moja inaitwa National Screen Service ndiyo ilikuwa inasambaza mabango kwenye majumba ya sinema, na kwa miaka mingi jumba lilikuwa linaazima tu, muvi ikiisha bango linarudishwa linaenda jumba lingine. Ukiinama ukasoma yale maandishi madogo chini kabisa ya bango la zamani utakuta yameandikwa wazi kwamba hili ni mali ya National Screen Service, limeruhusiwa kuoneshwa muvi ikiwa jumbani kwako tu, na lirudishwe mara moja. Kwa hiyo lililopo mkononi mwako leo ni lile ambalo mtu hakurudisha, au lilisahauliwa stoo. Mengine yalikwisha kabisa. Mfano maarufu ni Metropolis ya 1927, bango lake kubwa la Ujerumani zinajulikana nakala nne tu duniani, moja ikauzwa 2005 kwa dola 690,000. Lakini usichanganye: bango la muvi ya miaka kumi iliyopita lilichapwa kwa wingi na watu siku hizi wanajua kutunza, kwa hiyo muuzaji akikuambia hilo ni adimu mwambie ahsante uondoke.

Kuna na ajali tamu zaidi. Muvi ya tatu ya Star Wars ilikuwa iitwe Revenge of the Jedi, mabango ya kuitangaza yakachapwa na jina hilo, halafu kabla haijatoka 1983 jina likabadilishwa kuwa Return. Yale yenye jina la kwanza ndiyo watu wanayatafuta mpaka leo, na mengi sana ni ya kughushi.

Printi ya skrini ni chache kwa makubaliano. Mtu kakaa ofisini akasema tuchape 300, zikichapwa 300 basi, msanii au mchapaji anaandika kwa penseli chini pembeni 112/300 na habari imeisha. Walioipa nguvu hii biashara ni Mondo wa Austin, Texas, walianzia ndani ya majumba ya sinema ya Alamo Drafthouse, na mwaka 2022 wakanunuliwa na Funko, wale wa vidoli vya vichwa vikubwa. Siku hizi wapo wengi, Bottleneck Gallery wa New York, Vice Press wa Uingereza. Nakala zinatangazwa saa fulani, ukija dakika tano baadaye zimeisha, na nusu saa mbele walanguzi wameshaziweka onlaini kwa bei mara mbili. Halafu wana mchezo wa toleo la pili, mchoro uleule rangi tofauti, nakala pungufu, bei juu. Na wana mchezo mwingine ambao mimi naupenda zaidi, wanafungua oda siku tatu, kila aliyelipa ndani ya hizo siku anachapiwa yake, wakifunga wamefunga. Idadi inakuwa kubwa lakini angalau hakuna kukimbizana.

Gunia la Ghana ni moja. Basi. Hata mchoraji yuleyule akirudia muvi ileile mkono hautoi kitu kilekile mara mbili.

UTAJUAJE SIYO FEKI

Oneshiti lina vipimo vyake, beba futi kamba. Ya zamani, mpaka miaka ya 80 katikati, ni inchi 27 kwa 41, baada ya hapo 27 kwa 40. Ukikuta "orijino ya 1977" ina inchi 24 kwa 36 hiyo ni nakala ya dukani. Kingine ambacho wageni wengi wanakielewa kinyume ni mikunjo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80 mabango yalikuwa yanakunjwa ndiyo yanatumwa majumbani, kwa hiyo bango la miaka ya 60 lenye mistari ya kukunjwa ni jambo la kawaida kabisa, siyo kasoro ya kulilia. Lililonyooka tupu bila alama hata moja ndilo linalonipa wasiwasi, siyo kwamba haiwezekani, ila uliza maswali. La miaka ya 90 kuja huku pindua nyuma, mengi yamechapwa pande mbili, picha ileile imegeuzwa kama kwenye kioo na imefifia kidogo, maana lilitengenezwa kukaa kwenye sanduku la taa. Mengi ya feki nyuma ni meupe pee.

Printi ya skrini ni rahisi zaidi kama unayo mkononi. Ni kazi ileile ya wale jamaa wanaochapa fulana za kampeni, kila rangi ina skrini yake na inapigwa peke yake juu ya nyingine, kwa hiyo pitisha kidole taratibu pembeni rangi inapokutana na rangi utasikia kama kangazi kadogo. Chukua lenzi, rangi ya skrini ni bapa imejaa, ya kompyuta ni vidoa vidogovidogo vya rangi mchanganyiko. Tatizo ni kwamba unanunua kupitia simu, huna kidole wala lenzi, kwa hiyo omba picha ya karibu ya ile namba ya penseli kabla hujatuma hela. Muuzaji anayezunguka kwenye hilo achana naye.

Gunia shida yake siyo feki ya kuchapwa (hizo zipo ila unaziona mbali, hazina nyuzi). Shida ni umri. Mabango yaliyofanya kazi kweli ni ya kuanzia katikati ya miaka ya 80 mpaka miaka ya 90 inaishia, wakati wa vibanda vya video vya kuhamahama, TV moja, deki moja, jenereta, gari linatoka kijiji hiki linaenda kile na bango limekunjwa nyuma. Wachoraji wengine wa enzi zile bado wapo na bado wanachora, ila sasa kwa oda, Deadly Prey Gallery wa Chicago wanafanya nao kazi kwa uwazi kabisa na wanakuambia hili ni jipya. Hilo halina ubaya. Ubaya ni yule anayelichukua jipya analikanyagia vumbi analiuza kama la 1989. Lililozunguka kweli lina matundu ya misumari kwenye pembe, rangi imepasuka kwenye mikunjo, nyuma kuna madoa, na mara nyingi bado unasoma jina la kampuni ya unga.

HELA MPAKA LIFIKE UKUTANI

Bei ya kwenye tangazo ni nusu ya habari. Printi yangu ya kwanza niliinunua dola 50, usafirishaji ukazidi bei ya printi yenyewe, ikafika hapa Dar ikanisubiri na kodi, halafu ndiyo ukaja mfupa wa fremu. Mpaka inatundikwa ilikuwa imeshakula zaidi ya mara tatu ya bei ya tangazo. Na bado nilikuwa na bahati, maana ya pili yake bomba la karatasi ngumu lilifika limebonyea katikati kama limekaliwa na mtu, printi ina ufa mweupe unapita shingoni kwa mhusika mkuu, na waliosafirisha wakanijibu kwa barua pepe nzuri sana isiyo na shilingi ndani.

Sasa kwa kila aina. Oneshiti ndiyo lenye uwanja mpana kuliko yote, la muvi ya juzijuzi unalipata kwa dola 20 au 30, la muvi kubwa ya zamani ni bei ya gari. Katikati hapo kuna eneo zuri ambalo watu wanalipita, muvi nzuri za miaka ya 70 na 80 ambazo hazikuwa na kelele. Printi siku ya kutoka kwa kawaida ni dola 40 mpaka 80, ukiikosa unaenda kwa mlanguzi. Gunia halina la bei rahisi, ni mamia ya dola, ya zamani yenye jina kubwa maelfu, na hakuna "siku ya kutoka" unamfuata mwenye nalo mnaelewana.

Njia ninayoitumia siku hizi ni ndugu. Mwenye shangazi au kaka Minneapolis, Leicester au Dubai anaagiza kwake, linakaa chini ya kitanda mpaka mtu asafiri. Printi ya inchi 24 kwa 36 ukiikunja bombani ina urefu wa sentimita 61, inalala kwenye begi kubwa bila shida, oneshiti ni karibu 69 hilo utalilaza mshazari na huyo ndugu awe anakupenda kweli. Gunia linakunjika kama kitambaa ila usilikunje kama kanga, rangi ya mafuta iliyokauka inakatika. Liviringishe, upande wenye picha uwe nje, hata kama akili inakuambia kinyume.

JOTO, UNYEVU NA FUNDI FREMU

Wa Nairobi na Arusha mtanisamehe, hii sehemu ni ya sisi wa Pwani.

Karatasi inakunywa hewa. Oneshiti la zamani ni karatasi nyembamba, Dar ikifika masika linaanza kufanya mawimbi, likigusana na kioo linang'ang'ania, na miezi michache baadaye unaona vidoa vya kahawia, huo ni ukungu. Linataka nafasi kati yake na kioo, linataka karatasi isiyo na asidi nyuma, na linataka ukuta ambao hauungani na bafu wala haupigwi na jua la saa kumi. Kuna ufundi wa kulibandika kwenye kitambaa kwa gundi ya wanga ambayo inatoka kwa maji, mabango ya zamani yaliyochoka yanaokolewa hivyo, lakini hiyo ni kazi ya mtu aliyesomea, na mimi huku sijampata.

Niliyempata ni fundi fremu. Nilimpelekea oneshiti la muvi ya 1981, nikamwelekeza vizuri, akaniambia bosi usijali njoo Ijumaa. Ijumaa nimefika fremu imependeza kweli, bango limenyooka kuliko nilivyomletea, nikamuuliza mbona ile mistari ya mikunjo haionekani, akanijibu kwa furaha kabisa, "Nimeligandisha na gundi ya mbao kwenye hadibodi, hili halitoki tena." Na kweli halikutoka. Lipo mpaka leo, zuri la kutazama, thamani sifuri. Kwa hiyo kwa fundi wako andika kwenye karatasi kwa herufi kubwa HAKUNA GUNDI, halafu kaa hapohapo anapofanya kazi, nunua hata soda.

Printi ya skrini inavumilia zaidi, karatasi yake ni nene. Adui yake ni mkwaruzo, zile sehemu nyeusi zilizojaa wino ukizigusa na kucha zinabaki na alama milele, na jua, rangi zile kali zinapauka. Gunia ndilo gumu kuliko yote na sababu ni rahisi, lilizaliwa kwa ajili ya jua na barabara ya vumbi. Halihitaji kioo. Fimbo ya pazia juu, kamba, limeisha. Litazame tu ukungu upande wa nyuma, na usilitundike karibu na jiko.

UKIWA UMEKAA KWENYE KOCHI

Hapa kila mtu na roho yake, nitasema ninachokiona mimi.

Oneshiti lina ile hali ya kujua kwamba karatasi hii ilikuwepo. Wiki ile muvi inatoka, mtu alisimama mbele yake anaamua aingie au aende nyumbani. Michoro mingine ni ya kawaida tu, vichwa vitatu vya mastaa na bastola, lakini inabeba siku yake.

Printi ni kwa anayeipenda muvi mpaka ndani. Msanii anajua umeshaiona mara ishirini, hahitaji kukuuzia tiketi, kwa hiyo anachora kitu kidogo ambacho anayejua ndiye anacheka. Laurent Durieux, Mbelgiji, alichora la Jaws ambalo ni ufukwe wa watu wanaota jua, kawaida kabisa, mpaka uone ule mwavuli mweusi kati ya miavuli mingine umekaa kama pezi la papa. Mgeni anaweza kulitazama miezi asione. Lawama yangu kwa aina hii ni kwamba nyingine ni nzuri kupita kiasi, zote zinaanza kufanana, na ukiwa nazo nane ukuta unakuwa kama duka.

Gunia niliona la kweli mara moja tu, hapa Dar mtaa wa Upanga, kwa mzee mmoja aliyefanya kazi Accra. Jitu lenye misuli, nyoka ambaye nina hakika kwenye muvi hayumo, damu inachuruzika mpaka kwenye jina la muvi. Nikasogea. Mshono wa magunia mawili unapita katikati kabisa, unampasua jitu pua, na mchoraji wala hakuuficha, kaupandishia rangi akaendelea. Wengi wao walikuwa wanachora bila kuiona muvi, wamepewa kasha la kanda au wamesimuliwa, na kazi yao ilikuwa moja tu, kujaza benchi usiku huo. Mimi nimekulia vibanda umiza vya Temeke, kwetu ilikuwa ubao na chaki, jina la muvi, jina la DJ anayetafsiri, na neno "KIPIGO" limepigiwa mistari miwili. Lile gunia nililielewa bila kuelezewa. Anayetaka mchoro safi wenye vipimo sahihi vya mwili atalichukia, na ana haki yake.

SASA WEWE UPO HALI GANI

Umepanga na unahama kila mwaka: printi moja au mbili, saizi moja, ili fremu moja itumike na unabadilisha picha ndani. Oneshiti na fremu yake kwenye kirikuu ni msiba.

Una muvi moja tu iliyokubadilisha maisha na hutaki kukusanya chochote kingine: tafuta oneshiti la muvi hiyo la nchi yoyote utakayolimudu. La Marekani likiwa ghali tazama la Uingereza, yale ya kulala yenye inchi 30 kwa 40, au la Italia, mara nyingi michoro yake ni tofauti na bei ni ya kibinadamu.

Unapenda wachoraji kuliko muvi: printi, na fuatilia msanii, usifuatilie namba. Nakala ya 4/300 na ya 287/300 zimetoka kwenye skrini zilezile.

Bajeti yako yote ya mwaka ni laki mbili: oneshiti la karibuni la pande mbili, lipitie kwa ndugu. Gunia kwa sasa lipige picha tu.

Una hela kidogo ya kuchezea, nyumba ina ukuta mkubwa, na umechoka kuona kitu kilekile kwa kila mtu: gunia, na nakushauri la oda kabla ya la zamani. Unamwambia mchoraji muvi unayoitaka, unalipa mtu aliye hai, na hakuna wa kukudanganya kuhusu mwaka.

Unakaa Tanga, Mombasa, Unguja, nyumba ya karibu na bahari, huna eisii na huna mpango: gunia au printi. Oneshiti la miaka ya 60 liache Nairobi kwa shemeji.

Ni zawadi kwa mtu: printi, kama unajua kwa hakika muvi anayoipenda. Kama unahisi tu, mnunulie tiketi mbili mwende mkaangalie kitu, utajua njiani.

Na kama huna ukuta kabisa, chukua folda bapa la wasanifu majengo, kubwa, weka karatasi laini katikati ya kila bango, sukuma chini ya kitanda. Mimi yangu sita yapo huko. Mke wangu ameshaniuliza mara mbili kama nayo yanalipa kodi.